Kibati cha Upande wa Ndani

Hadithi ya jengo letu ina urefu wa ghorofa ishirini na mbili. Najua kwa sababu niliipima. Enzi zile lifti ilipokuwa bado inaendeshwa na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi, nilianza kusimulia mlango ulipofungwa na kumaliza ulipofunguka juu kabisa. Aliyeshuka ghorofa ya tatu aliambulia hali ya hewa ya siku ile tu. Wa ghorofa ya tisa, kwenye ofisi ya pensheni, nilikuwa nimeshamfikisha kwenye zege. Waliofika juu walitoka wamenyamaza, na wachache walirudi chini kwa ngazi, zote hizo, ili tu mlango wa lifti usije ukawafungukia mbele ya nguzo.

Nguzo yenyewe iko ukumbini, hatua kumi kutoka kwenye lifti. Watu wawili wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Jengo lina jina lake la heshima, limeandikwa kwa herufi za chuma juu ya mlango mkubwa, lakini sijawahi kusikia mtu akilitaja. Ukimwambia dereva wa teksi jina lile atakuuliza ni wapi huko. Mwambie "Mtu Ndani" na atakufikisha huku anapiga simu.

Mtu Ndani, kwa sababu mji mzima unajua kuwa ndani ya nguzo ile kuna mtu. Fundi wa nondo alitumbukia zege likimwagwa, na zege likaendelea kumwagwa. Wafanyakazi wa maofisini hawaiegemei. Wakili wa ghorofa ya saba huigonga mara tatu kabla ya kwenda mahakamani, na akishindwa kesi humlaumu marehemu. Miezi ya joto nguzo hutoka jasho, na kila mwaka hakosekani mjuaji wa kueleza kuwa ule ni unyevu tu. Husikilizwa kwa adabu, kisha watu wanaendelea na mambo yao. Lifti ikikwama ni yeye anataka kutoka. Nimesikia wakisema alikuwa mhandisi, nimesikia alikuwa mwizi wa saruji. Mama mmoja aliniapia kuwa ni bibi harusi, na nilipomuuliza bibi harusi alifuata nini kwenye ujenzi, akaninunia hadi ghorofa ya kumi na nne.

Mimi ndiye niliyemtia mtu yule nguzoni. Sikumsukuma, na alipopotea sikuwepo hata kuona. Nilimtia kwa maneno mawili. Mengine yote mji uliongeza wenyewe, na mimi nikausaidia kuongeza, kila siku, ghorofa kwa ghorofa, kwa miaka arobaini na moja.

Jengo lilipokuwa linapanda nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nakaa kwenye kibanda cha getini, na mafundi waliniita Bwana Vibati. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake, kipande cha bati cha duara chenye namba na tundu. Nyuma yangu ukutani palikuwa na ubao mkubwa wa misumari: nusu ya kushoto imeandikwa NJE, nusu ya kulia NDANI. Asubuhi mtu anafika dirishani, anataja namba yake na kusema "naingia," nami nahamisha kibati chake kutoka kushoto kwenda kulia. Akiondoka anataja namba tena na kusema "natoka," nakirudisha kushoto. Na kila mara nilitakiwa kumjibu "Nimekuona." Hiyo ilikuwa amri ya mhandisi. Kama hujamwona mtu kwa macho yako, kibati hakihami, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa ubao ule. Jioni upande wa kulia lazima uwe mtupu ndipo geti lifungwe. Wafanyakazi walikuwa mia tatu, kwa hiyo nilisema "nimekuona" mara mia sita kwa siku, na nilipooa mke wangu aliniambia nalisema hata usingizini.

Namba mia na kumi na nne alikuwa fundi wa nondo, mrefu, mwembamba, kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Tulimwita Kimya, kwa sababu zaidi ya yale maneno ya dirishani hakuwa na mengine. Kwangu alikuwa rafiki kwa namna yake. Mvua ikinyesha alikuja kusimama chini ya kipaa cha kibanda changu, akanimiminia nusu ya chai ya chupa yake, tukatazama matope pamoja. Alikuwa na mke na binti wa miaka miwili. Hayo niliyajua kwa sababu niliuliza, yeye asingesema.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya zege la nguzo kubwa. Zege la nguzo ile lilitakiwa kumwagwa mfululizo, bila kusimama, tangu asubuhi hadi alasiri, na macho yote yalikuwa huko. Macho yangu mimi yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi. Jioni ile nilikuwa naenda kujitambulisha ukweni kwa mara ya kwanza, na kichwa changu kilikuwa kichaka. Saa nane mchana nikaona kiti cha kinyozi kiko kitupu. Dakika kumi tu, nikajiambia. Nikalirudishia geti bila kulifunga, nikavuka.

Kinyozi yule alikuwa msemaji. Alininyoa, akaona upande mmoja umezidi, akanyoa upande wa pili, akaona sasa wa kwanza umezidi, na habari za jirani yake nazo zilikuwa hazijaisha. Nilirudi baada ya saa nzima, kichwa kinang'aa, nanukia spiriti. Hakuna aliyejua kuwa niliondoka. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na furaha, na furaha hiyo naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyoipata mahali pale.

Jioni watu walipita dirishani mmoja mmoja. Nimekuona, nimekuona, nimekuona. Walipokwisha niligeuka kuutazama ubao, na upande wa kulia kilikuwa kimebaki kibati kimoja.

Nyapara akaita jina, akaita namba. Wakapanda ghorofa mbili zilizokuwepo, wakaangalia stoo, wakaangalia vyoo. Fundi mmoja akasema mara ya mwisho kumwona ilikuwa baada ya chakula, juu ya jukwaa, anafunga nondo za mwisho pale juu ya mdomo wa nguzo. Mhandisi akaja mwenyewe hadi dirishani kwangu.

"Ulikuwepo getini muda wote?"

"Nilikuwepo."

"Na huyu hajatoka?"

"Hajatoka."

Hayo ndiyo maneno yangu mawili. Nilikuwa nafikiria kazi, na ukweni, na baba mkwe atakayeniuliza nafanya nini. Nilijiambia kuwa Kimya atarudi kesho asubuhi, nami nitahamisha kibati chake kimyakimya, na mambo yataishia hapo. Ndipo nyapara akageuka, akaitazama nguzo. Mafundi nao wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakaitazama. Nikaitazama na mimi. Nilielewa pale pale nilichokuwa nimefanya, na nafasi ya kusema nilikuwa nayo, kama dakika mbili hivi, na niliiacha ikapita. Kisha nikaenda ukweni. Walikisifia kichwa changu.

Kesho yake hakuja. Wenye kampuni walitaka isemwe kuwa ametoroka kazi na familia. Mafundi wakagoma, wakasema mwenzao yuko humo na mwenye geti ameshahakikisha. Polisi wakaja, nikaandikisha maelezo, nikatia sahihi. Nguzo haikuvunjwa, maana kuivunja ilikuwa ni kulianza jengo upya. Na hakuna aliyekwenda kuuliza mahali pengine popote. Nani amtafute hospitali mtu aliye ndani ya nguzo?

Siku ya tatu mke wake akaja, mtoto mgongoni, akasimama dirishani pale pale wanaposimama wafanyakazi. "Shemeji," akaniambia. Hakuwahi kuniona kabla, lakini alikuwa anazijua habari za chai. "Wanasema mume wangu amenikimbia. Wewe ndiye ulikuwa mlangoni. Unasemaje?"

"Hakukukimbia," nikamwambia.

Alilia, kisha akanishukuru. Akasema Mungu anilipe, kwa kuwa nimemwokoa na aibu. Mtoto alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake, macho mazito bado, kama mtoto aliyetoka kuumwa. Sikulitilia maanani hilo wakati ule.

Jengo lilipokwisha nilipewa lifti, na mjane wa Kimya akaomba kazi ya usafi. Alipewa, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kumnyima. Akafanya usafi humu ndani miaka ishirini na sita. Kila asubuhi alianzia nguzoni, tambara bichi kwanza, kavu baadaye, kutoka chini hadi pale mkono wake ulipofika, mpaka rangi ya sehemu ile ikapauka kuliko ya juu yake. Na huku anafuta, anaipa habari. Mtoto ameng'oa jino. Mtoto ameanza shule. Mtoto amekuwa wa pili darasani, wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo tuhesabu ni wa kwanza. Mimi niko kwenye stuli yangu, hatua kumi, nasikia yote.

Fundi umeme wa jengo alimtaka. Mtu mpole, ana pikipiki, hanywi. Alituma watu, alimletea binti yake madaftari, alingoja miaka. Mama yule alimjibu mbele yangu, bila kuacha kufuta: "Nina mume, kaka yangu. Yuko kazini hapa hapa." Watu walicheka kwa upendo, na maneno yale nayo yakaingia kwenye hadithi. Niliyaweka ghorofa ya kumi na tisa. Abiria waliyapenda sana.

Mtu mwenye hatia hupenda kusema. Sijui kwa wengine, kwangu ilikuwa hivyo. Kila nilipoisimulia hadithi ile ilizidi kuwa kweli kidogo. Na nilikuwa na tumaini moja baya: kwamba labda kweli yumo. Sikumwona akitoka, basi labda hakutoka. Saa moja ni fupi. Nililishikilia tumaini hilo miaka kumi na miwili.

Kisha akaingia mwanamke mmoja wa makamo, muuguzi, anakwenda kufuatilia karatasi zake ofisi ya pensheni. Nikaanza hadithi kama kawaida. Mlango ulipofunguka ghorofa ya tisa hakushuka. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Tulipofika juu, kila mtu akatoka isipokuwa yeye.

"Fundi wa nondo," akasema. "Kidole gumba hakina kucha?"

Kucha nilikuwa sijawahi kuitia kwenye hadithi.

"Ninyi mnasema yuko kwenye nguzo. Mimi nilimlisha kwa kijiko."

Akanieleza tumesimama humo humo, mlango uko wazi. Aligongwa na lori, mchana, mtaa wa tatu kutoka kwenye ujenzi. Hakuwa na karatasi wala kitambulisho. Alikuwa na koleo la kufungia waya kiunoni, na kwenye mfuko wa shati chupa ya dawa ya maji, ya homa ya mtoto, imevunjika. Alikuwa amekata kauli lakini akili yake ilikuwepo. Aliishi siku kumi na tisa. Kila mtu mpya akiingia wodini alitazama mlangoni.

"Na alikuwa na kitu anafanya kwa mkono," muuguzi akasema. "Hatukuelewa hata siku moja. Anainua kidole kimoja, anakishusha. Kidole kimoja tena. Halafu vinne. Tukadhani ni maumivu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya lifti. Alikuwa anataja namba yake. Alikuwa anamtajia kila aliyepita, kwa adabu, kama alivyofundishwa, akingoja mmoja tu amjibu kuwa amemwona. Kibanda changu kilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka hospitali ile. Mchana ule alikuwa ameondoka kwa ruhusa ya moyo wake tu, mwanawe anaumwa; lazima alisimama dirishani kwangu, akakuta kiti kitupu, na kwa kuwa ubao ulikuwa hauguswi na mtu mwingine, hakuugusa. Akaenda.

Muuguzi aliniambia wapi alizikwa. Ni makaburi ya manispaa, upande wa wasio na ndugu, kila kaburi na kijiti cha chuma chenye namba. Nilikwenda wiki ile ile. Nimekwenda mara nyingi tangu hapo, napalilia, narudi.

Lakini sikumwambia mjane wake. Hapa ndipo sina pa kujificha. Uongo wa kwanza niliusema kijana, kwa woga, kabla sijajua utakwenda wapi. Huu wa pili nilikaa nao mtu mzima, kila asubuhi, nikijua. Nilijipa sababu: nitamnyang'anya nguzo nimpe nini? Nimwambie kuhusu siku kumi na tisa? Mara ngapi nilisimama, nikamwendea, nikafungua mdomo, nikaishia kumuuliza kama ndoo inavuja. Aliniona mtu mwema ninayejali ndoo. Sababu ya kweli ni kwamba aliniita shemeji, na sikutaka aache.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliniita kabla. Alinishika mkono, akasema, "Wewe peke yako ndiye ulisema kweli." Nikamwambia apumzike. Nimetukanwa sana maishani, maana nina mdomo, lakini hakuna tusi lililoniuma kama shukrani ile.

Nikifikiri hadithi ndiyo imekwisha, wenye jengo wapya wakaleta wahandisi wao. Wanataka ukumbi mpana, wa vioo. Wameweka mihimili ya chuma juu, na nguzo haihitajiki tena. Tangazo likabandikwa karibu na lifti, ambayo siku hizi inajiendesha kwa vitufe. Mimi nimewekwa mapokezi, kwenye meza yenye kidirisha cha kioo, naandika wageni. Ijumaa, saa nne asubuhi, nguzo itakatwa.

Ijumaa hiyo binti wa Kimya alifika saa tatu. Ni fundi cherehani, ana duka lake, ana watoto wakubwa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Maofisi yote yalikuwa yameshuka kutazama, na wakili wa ghorofa ya saba alikuwa mbele kabisa, amevaa tai nyeusi. Mafundi walikuwa wameshazungushia nguzo turubai. Mkubwa wao alivua kofia yake alipomwona binti yule, akamwambia, "Mama, tunakusubiri wewe. Ukisema tuanze, tutaanza. Na tutakwenda taratibu."

Akashukuru, akaja kukaa kwenye benchi pembeni ya meza yangu. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Akafungua mkoba, akatoa kitu cheupe kilichokunjwa vizuri, akakitandaza magotini. Ulikuwa mfuko wa pamba, umeshonwa mshono maradufu, mdomoni umetiwa kamba ya kuvutia.

"Nimeshona mwenyewe," akasema. "Nimeshalipia na nafasi pembeni ya kaburi la mama. Lakini kipimo ndicho kilinisumbua. Sijui mifupa ya mtu mzima inachukua nafasi gani. Wewe ulimjua. Alikuwa mrefu, sivyo? Huu utatosha?"

Alikuwa ameunyoosha mbele yangu ameushika kwa pembe mbili, kama mtu anayekupimisha shati. Nilijaribu kusema utatosha. Nilijaribu kweli. Mafundi walikuwa wanatutazama.

"Hayumo," nikasema.

"Nani?"

"Baba yako. Hayumo kwenye nguzo. Hajawahi kuwemo."

Nikamweleza. Sikumpa hadithi ya ghorofa ishirini na mbili. Nilimpa ile fupi. Kinyozi. Maneno mawili. Lori. Siku kumi na tisa. Vidole. Nilisema huku naitazama meza, na kila nilipofika mahali pa kujitetea nilijikuta sina neno. Mfuko ulibaki magotini kwake.

Nilipomaliza alikaa kimya kwa muda, na niliona jinsi anavyofanana naye.

"Alikuwa anakwenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani. Alikuwa na chupa ya dawa mfukoni. Ya homa. Ya mtoto."

"Mimi."

"Wewe."

"Mama alikuwa akisema homa ile ilishuka yenyewe jioni." Akaupapasa mshono wa mfuko kwa kidole gumba, kutoka juu hadi chini. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Ulikuwa na miaka kumi na minne."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu. "Basi mama alikuwa na thelathini na sita," akasema. "Thelathini na sita, baba mdogo. Mimi sasa nimemzidi umri huo. Yule fundi umeme alikuwa akiniletea madaftari. Nilikuwa namwomba mama kila siku amkubali. Akaniambia nisimtukane baba, anasikia."

"Nisamehe," nikamwambia. Nilisikia lilivyo dogo neno lile, lakini sikuwa na jingine.

Aliukunja mfuko mara mbili, akaukunja tena, akaulinganisha pembe kwa pembe, akaurudisha kwenye mkoba. Akainuka, akaenda hadi kwenye turubai.

"Kateni," akamwambia fundi mkuu. "Hamna mtu humo."

"Mama, sisi tunaweza kwenda pole—"

"Kateni mnavyokata nguzo yoyote. Baba yangu alitoka."

Nilisikia neno likipita ukumbini, alitoka, alitoka, kutoka mdomo hadi mdomo. Wakili akaitazama nguzo aliyoigonga miaka yote ile, kisha akaanza kutafuta wa kumuuliza, na nilijua muda si mrefu atanijia mimi. Watakuja wote. Mke wangu atasikia kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo miaka arobaini na moja, na ilipofika nilikuta woga wangu ulikuwa mahali pasipostahili. Hao hawakunihusu. Aliyenihusu alikuwa anarudi mezani kwangu.

Nikafungua droo. Ubao ulipong'olewa zamani zile, niliiba kibati kimoja, na nimekaa nacho. Nikakiweka juu ya meza, mkono wangu wa kulia, upande wa NDANI, kwa mazoea. Namba bado inasomeka.

Hakukaa kwenye benchi. Alizunguka akasimama mbele ya kidirisha, wanaposimama wageni. Akakitazama kibati kwa muda.

"Nitakupeleka makaburini," nikasema. "Leo. Sasa hivi ukitaka."

"Utanielekeza. Nitakwenda mwenyewe." Kisha akauliza, "Alikuwa anasemaje hapo dirishani, akitoka?"

"Anataja namba. Anasema, natoka."

"Na wewe?"

"Mimi najibu, nimekuona."

Akatikisa kichwa kuwa ameelewa. Nyuma yake mashine ilianza kulia kwenye zege na watu wakaziba masikio, lakini yeye hakugeuka. Alisogeza uso karibu na kioo ili nimsikie.

"Mia na kumi na nne," akasema. "Natoka."

Akangoja. Lile neno nililolisema mara mia sita kwa siku lilikuwa hapo mdomoni, na angelipokea, nadhani. Macho yake yalikuwa yale yale ya juu ya bega la mama yake.

"Sikukuona," nikasema.

Alinitazama kidogo tu. Kisha akapitisha mkono kwenye kidirisha, akakichukua kibati upande wangu wa kulia, na akakiweka mwenyewe kushoto.